Uzamivu wa Vitalu Nyumba: Kabla Hujaniomba Linki

Tangu niseme kwamba nimepata nafasi ya uzamivu (PhD) Uholanzi, kwenye anthropolojia ya kilimo cha vitalu nyumba, yaani yale mabanda ya nailoni au vioo ya kulimia, simu yangu haipumui. Hongera zenu nimezipokea zote, asanteni sana. Ila meseji nyingi zinafanana: "Dada hongera, nitumie linki." Mdogo wangu mmoja wa Tabata, ana uzamili wa sosholojia kama mimi, peke yake ndiye kauliza la maana: "Hivi kule wanataka nini hasa kwa mtu wa nyanya?" Huyu namjibu, na nyie wa linki kaeni pembeni msikie.

Habari ya nafasi zenyewe ni fupi. Uholanzi, Norwei, Swideni na Denmark, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo: anasaini mkataba, analipwa mshahara, anakatwa kodi, na ada halipi. Uholanzi kawaida ni miaka 4. Kwa hiyo usikeshe kwenye kurasa za skolashipu tu, pekua matangazo ya kazi. AcademicTransfer ni ya Uholanzi, Euraxess ni ya Ulaya nzima. Ukisubiri tangazo lenye maneno "anthropolojia ya kitalu nyumba" utazeeka. Nafasi hizi zimo ndani ya miradi ya vibarua wahamiaji, mifumo ya chakula, nishati, maji, tabianchi. Profesa keshapata fedha, mradi anao, anatafuta vijana wawili watatu wa kuufanya. Zile za Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili watafiti, zina sharti kwamba usiwe umeishi kwenye nchi unayoombea zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyopita. Sisi ambao safari yetu ndefu ni Mbezi mpaka Kariakoo tunapita hapo bila kuulizwa.

Sasa nije kwenye nyanya.

Nilipomaliza uzamili kazi sikupata. Ndugu mmoja akanipeleka kwa mwenye shamba upande wa Bunju, ana vitalu nyumba vya nyanya na hoho, anataka mtu wa kuandika mavuno na malipo ya vibarua. Nikaenda. Mtaani walinicheka, shangazi akauliza hadharani kama nilisoma miaka yote ile ili nihesabu matenga. Sikumjibu, na mpaka leo sijamjibu.

Ambaye hajaingia kitalu nyumba Dar saa saba mchana asinieleze habari ya jua. Nailoni ile inafaa kule Lushoto na Njombe kwenye baridi. Huku pwani joto la ndani likipita nyuzi 35 maua ya nyanya yanadondoka tu, na wewe unadondoka nayo. Kilichowavuta wengi kujenga ni kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, ambaye tangu aingie nchini mwaka 2014 amewatia hasara wakulima wa nyanya za nje. Wakaambiwa jenga, funga neti, wadudu wabaki nje. Vikundi vya vijana navyo vikakimbilia mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake. Pita barabara ya Bagamoyo uone mabanda mangapi nailoni imechanika inapepea.

Pale mlangoni kulikuwa na beseni la dawa. Kila anayeingia akanyage, asiingize ugonjwa. Akina mama vibarua walikuwa wanaliruka. Bwana shamba anafoka, wao kimya, akigeuka wanaruka tena. Nikadhani ni ubishi wa kawaida mpaka mama mmoja mtu mzima akanivuta pembeni: "Mwanangu, hii dawa inatuchubua, ndala zenyewe zimetoboka. Na huu mmea haufi kwa miguu yetu, unakufa kwa maji ya hiki kisima. Onja." Nikaonja. Chumvi. Mama huyu alikuwa analima mchicha bondeni kabla mimi sijazaliwa, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza. Maji yalipokuja kupimwa, chumvi ilikuwa juu kweli; ugonjwa wa mnyauko nao ukaendelea kuua miche, maana huo uko kwenye udongo, na udongo unaingia na miguu. Kwa hiyo mama na bwana shamba kila mmoja alikuwa na nusu yake ya ukweli, ila aliyekatwa posho ni mmoja.

Nikayaandika yote hayo nyuma ya daftari la mavuno. Kwenye usaili, jopo liliuliza maswali ya nadharia kidogo, halafu tukang'ang'ania habari ya lile beseni. Nani anaingia, nani analazimishwa kukanyaga, nani anaaminiwa akisema maji ni mabaya. Mdogo wangu, hicho ndicho wanachotaka.

Maana kule kwao maswali ni hayohayo. Almería, kusini mwa Hispania, kuna zaidi ya hekta 30,000 za nailoni, na wanaochuma ndani wengi ni Wamoroko na Waafrika wa Magharibi. Februari 2000 pale El Ejido wahamiaji walishambuliwa siku kadhaa mfululizo. Westland ya Uholanzi ni vioo, taa na gesi. Bei ya gesi ilipopaa mwaka 2022 kwa vita ya Ukraine, kuna wakulima waliozima taa wakaacha vioo vitupu. Halafu kwenye vipeperushi kote huko unasoma "kilimo endelevu". Maji yanaokolewa, ni kweli, na dawa zinapungua. Lakini nailoni inatupwa wapi, gesi inatoka wapi, na nani anatoka jasho kwa posho ya siku? Mwanaanthropolojia anaajiriwa kuuliza hayo kwa kukaa na watu muda mrefu.

Kwa hiyo jamani, acheni barua zinazoanza na "mabadiliko ya tabianchi ni changamoto kubwa duniani". Profesa analijua hilo kuliko wewe. Anza na watu uliowaona. Kama hujawaona, nenda Kibaha, nenda Chanika, shinda shambani. Nenda Soko la Ilala alfajiri uone dalali anavyoipangia bei nyanya ya kitalu nyumba sawa na ya bondeni. Vijana wetu wanataka Ulaya lakini hawataki matope. Unaandika uendelevu kutoka kwenye kochi, unategemea nani akuite?

Na referii, yaani wale wa kukuandikia barua ya mapendekezo. Tangazo likitaka wawili, wewe ongea na watatu au wanne, tena mapema. Mimi kuna mwalimu mmoja, wa chuo nisichokitaja, nilimwomba barua kwa heshima zote. Akacheka. "Anthropolojia ya nyanya? Si ungefungua genge." Barua akaahidi, nikampigia, nikamfuata ofisini, nikakaa kwenye benchi la korido mpaka mfagizi akanizoea. Haikuja. Aliyeniokoa ni mwalimu mwingine aliyeandika usiku wa mwisho, akiwa safarini, kwa simu.

Juzi yule wa genge kanitumia pongezi. Chini yake kaongeza kwamba ana mpwa wake anamaliza uzamili, kama naweza kumtumia linki.