Masupavaiza wapya wa korosho, wekeni kwanza hilo daftari chini

Juzi nimepita kwenye banda la kubangulia nikamkuta dogo mmoja, supavaiza, ana wiki mbili kazini, kashika daftari anazunguka meza hadi meza anaandika kilo, halafu jioni anasoma majina kwa sauti, wa kwanza mpaka wa mwisho, kama matokeo ya darasa la saba. Nilitaka kumnyang'anya. Nikajizuia maana miaka ya nyuma dogo huyo nilikuwa mimi, tena mimi nilizidisha, nilitundika ubao kabisa. Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza msimu huu, sogeeni hapa.

1. Pima beseni tupu kwanza. Kila beseni, hayalingani.

2. Jumatatu usimsifie mtu. Korosho zilizotoka boila Jumamosi zimelala, ganda limekauka, ukigusa tu lenyewe linaachia, siku hiyo kila mtu bingwa. Jumatano mzigo umepikwa usiku, umefika mezani bado una joto, wale wale mabingwa wanatoa vipande, na wewe unaandika "uvivu". Uvivu wa nani sasa, wa mtu wa boila?

3. Saizi. Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo niliaibika.

Madaraja mnayajua, W180 ni zile kubwa, hazizidi 180 kwenye paundi, W450 ni vile vidogo. Haya pigeni hesabu: kilo ya W180 ni kama korosho 400, kilo ya W450 inakaribia 1,000. Yaani anayebangua ndogo anakanyaga pedeli ya mashine ya kubangulia kama mara mbili na nusu ya mwenzake ndo mizani iwape namba sawa. Na hesabu hii nilikuwa naifanya kila siku kwenye fomu za madaraja, ila haikuwahi kuniingia kwamba kuna mguu wa mtu pale.

Kulikuwa na mama mmoja meza ya dirishani, mtu mzima, kaanza kubangua mimi niko shule. Kwenye ubao wangu kila siku wa mwisho au wa pili toka mwisho. Mabinti wanagusa kilo nane, yeye tano, tano na nusu. Nikamwita kwa adabu, mama jitahidi. Akasema haya mwanangu. Mara ya pili nikamsema mbele za watu. Mara ya tatu nikamtoa mezani nikampeleka kuzoa maganda, na malipo ya huko mnayajua, na yale mafuta ya ganda yanavyokula ngozi mnayajua. Akachukua koleo, hakujibu kitu. Jioni nilirudi nyumbani najiona meneja.

Wiki ya pili vipande vikaanza kupanda. Kilo zipo, ubao umenona, ila nusu beseni ni vipande, na bei ya kipande na ya nzima wala hazijuani. Nikagomba, nikabadilisha visu vya mashine, nikamlaumu mtu wa boila (safari hii masikini hakuwa na kosa). Mwisho binti mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, kaka, zile ndogo siku hizi hazina mwenyewe. Hazina mwenyewe kivipi? Ndo naelezwa sasa: asubuhi gunia likimwagwa wanaowahi wanachambua kubwa, zinazobaki, ndogo na zenye ganda gumu, zinasukumwa dirishani kwa sababu yule mama ndo pekee anazitoa nzima. Na wageni wote wiki ya kwanza wanakaa pembeni yake, anaacha kazi yake anawashika mkono kuwaonyesha korosho inavyolala kwenye kisu. Miaka yote hiyo. Mimi sikuuliza, na yule niliyekuwa namwandika wa kwanza kila siku ndo alikuwa wa kwanza kufika kwenye gunia.

Nikaenda kwenye maganda, nikamwambia mama naomba unisamehe, rudi mezani. Akaniangalia, akauliza, "Ule ubao bado upo?" Nikasema upo. Akainama akaendelea kuzoa. Nikaenda kuung'oa mwenyewe, misumari na kila kitu, fundi akautengenezea kigoda. Mama akarudi, sio siku ile, kesho yake, na kigoda akakalia yeye.

4. Changanya mzigo kabla ya kugawa, na gawa wewe kwa ndoo, sio watu wajichotee.

5. Nzima na vipande vipimwe mbali mbali.

6. Usimsimamie mtu mgongoni na saa, atakukimbizia dakika kumi halafu ukigeuka anapumzika nusu saa. Kaa ubangue beseni moja mwenyewe, mikono ikuwashe, ndo uje uniambie habari za target. Rekodi yangu mimi ni kilo mbili na robo, siku nzima, na vipande tele. Pale bandani bado wananitania.

7. Betri za mizani nunua kwa hela yako, ukisubiri ofisi msimu utaisha.