Maswali yenu kuhusu klabu za kuzungumza: miguu inayotetemeka, "yaani" nyingi na mtathmini mkali

Maswali kuhusu klabu za kujifunza kuzungumza mbele za watu yamekuwa mengi. Yanayofanana nimeyaunganisha, marefu nimeyafupisha. Wengi mmetaja kwa jina Toastmasters, shirika la kimataifa lenye klabu za aina hii, kwa hiyo naanzia hapo.

Shikamoo. Mimi ni muuguzi, Morogoro. Nikipewa kipaza sauti, hata kwenye kicheni pati ya mdogo wangu, miguu inatetemeka. Hizo klabu za Toastmasters zina mwalimu, au watu wanakwenda kupiga soga tu?

Marahaba. Mwalimu hakuna, na soga ni chache kuliko unavyodhani, kwa sababu kuna mtu ameshika saa. Klabu ya kwanza ilikutana Oktoba 22, 1924, katika jengo la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Santa Ana, California, Marekani. Aliyeianzisha, Ralph Smedley, alikuwa mfanyakazi wa YMCA. Aliona vijana wana mawazo mazuri lakini hawawezi kusimama wakayasema wala kuendesha kikao, akawapangia zamu: leo huyu anazungumza, yule anaongoza, wenzao wanasikiliza na kusema walichokiona. Mtindo huo haujabadilika sana. Utakuta hotuba zilizoandaliwa, kisha maswali ya papo kwa papo ambayo unajibu kwa dakika moja au mbili bila kujiandaa, kisha tathmini. Hotuba yako ya kwanza ni ya dakika nne hadi sita, na mada yake ni wewe mwenyewe.

Sasa miguu. Wewe kila siku unasimama mbele ya wenzako kukabidhi zamu: mgonjwa wa kitanda fulani amelalaje, dawa gani imebaki. Hapo hutetemeki, kwa kuwa unajua unachosema na unajua kwa nini wanakihitaji. Anzia hapo. Kwenye hotuba, shika kwa moyo sentensi mbili za mwanzo tu, nyingine zije zenyewe. Usishike karatasi nyepesi mkononi, maana mkono ukitikisika kidogo karatasi inapiga kelele ukumbi mzima. Tumia kadi ngumu au iache mezani. Kipaza sauti kiegemeze karibu na kidevu, hakitacheza. Na mara ya kwanza nenda kama mgeni. Mgeni anakaribishwa kusema neno, na akikataa hakuna anayemlazimisha.

Ni bei gani?

Ada ya makao makuu ni dola 60 za Marekani kwa kila miezi sita, na mwanachama mpya anaongeza dola 20 mara moja tu. Klabu nyingine zinaongeza chochote kwa ajili ya ukumbi na chai. Kwa mtu wa genge au mwalimu anayeanza kazi, hiyo si hela ndogo, wala sitajifanya ni ndogo. Zipo kampuni zinazowalipia wafanyakazi wao, uliza kwa afisa utumishi wako kabla hujatoa mfukoni.

Sisi ni walimu wanane wa sekondari wilayani. Mjini ni mbali. Tunaweza kuanzisha ya kwetu bila kujiandikisha popote?

Mnaweza, na wanane wanatosha. Klabu rasmi ya Toastmasters kwa kawaida huanza na wanachama 20, lakini nyinyi hamhitaji jina lao, na msilitumie pasipo ruhusa, wala vitabu vyao. Mnachohitaji ni chumba, simu ya kuhesabu muda na kadi tatu za manila: kijani, njano, nyekundu. Hotuba ya dakika tano hadi saba inaonyeshwa kijani ikifika tano, njano ikifika sita, nyekundu ikifika saba. Mtunza muda anakaa mahali msemaji atamwona bila kugeuza shingo.

Pangeni zamu mapema na zibandikwe ukutani: nani anaongoza, nani wawili wanazungumza, nani anawatathmini, nani anauliza maswali ya papo kwa papo, nani anashika saa, nani anasikiliza lugha. Saa moja, basi, mnatawanyika hata kama stori imenoga.

Vikundi vya namna hii havifi kwa kukosa wasemaji. Vinakufa siku mtu anaposimama na kusema, "Kabla hatujaanza, kuna jambo dogo la mchango." Wiki ya pili michango ni miwili, ya tatu mmeunda kamati ya msiba, na klabu imegeuka kikao cha ustawi wa jamii. Michango ina siku yake. Siasa za chama pia ziacheni mlangoni, au zije kama mada ya mjadala ambapo kila mtu amepangiwa upande bila kujali anaamini nini.

Nilijirekodi nikifanya mazoezi ya usaili. Dakika tatu, "yaani" sijui ngapi! Nifanyeje?

Klabu nyingi zina mtu ambaye kazi yake kikao kizima ni kuhesabu vijazio hivyo na kuvisoma mwishoni, jina kwa jina. Mara ya kwanza watu wanacheka, ya pili wanaona aibu, ya tatu vijazio vinaanza kupungua. Vya kwetu vinajulikana: yaani, sasa, eeh, nanii, unaona, kwa hiyo. "Kimsingi" ni ugonjwa wa wenye ofisi.

Tunavitumia kwa sababu ya barazani. Pale kijiweni ukinyamaza nusu sekunde, mwingine amekwisha kukunyang'anya mazungumzo. Umezoea kuweka "yaani" kama mguu mlangoni ili asiingie mtu. Jukwaani hakuna anayekunyang'anya. Zamu ni yako, na kimya chako hakuna wa kukikalia.

Jirekodi tena, eleza jambo unalolijua sana, kama kupika pilau au kubadili tairi. Sikiliza "yaani" inaangukia wapi. Karibu zote utazikuta kwenye maungio, sentensi moja imekwisha na nyingine haijaja. Basi hapo fanya kitu kimoja: funga mdomo. Kwa maana halisi, midomo igusane. Aliyefumba mdomo hawezi kusema "yaani". Kwako kimya hicho kitaonekana kirefu mno, ila ukisikiliza rekodi hutakiona kabisa. Na usiifukuze "yaani" kila mahali. Pale unapofafanua kweli, inafanya kazi yake halali.

Napewa dakika tano kusoma risala. Dakika mbili zinakwisha kwa kutaja viongozi. Nikiruka mmoja, ni lawama. Klabu zinasemaje?

Klabu zitakuambia umsalimu anayeongoza kikao na wageni, kisha uanze. Kwenye mashindano yao kanuni ni kali zaidi: hotuba ni ya dakika tano hadi saba, na ukipita saba na nusu umetolewa, hata uwe umeliza ukumbi. Lakini wewe huko uliko si mashindanoni, uko mbele ya mkuu wa wilaya, diwani na wazee wa kijiji, na kumruka mzee kwetu si kuokoa muda, ni kukosa adabu. Kwa hiyo usiitupe itifaki. Ipunguze.

Mtaje mgeni rasmi kwa cheo na jina, mtaje mwenyeji wake, useme "itifaki imezingatiwa", halafu uiheshimu kauli yako. Wapo wanaoisema kisha wanaendelea kutaja watu kumi na wawili. Vyeo muulize mshereheshaji kabla ya shughuli, maana vinabadilika, na mheshimiwa uliyemwita naibu juzi kapandishwa jana.

Dakika zako zinaliwa zaidi na kile kinachofuata: "Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na afya njema hadi kufikia siku hii ya leo ambapo..." Mungu ashukuriwe kwa sentensi moja, anatosha kuelewa. Kisha ingia: "Mheshimiwa mgeni rasmi, kisima cha shule yetu kimekauka tangu Agosti." Hapo hata waliokuwa kwenye simu watainua vichwa.

Nilijiunga na klabu moja hapa Dar. Hotuba yangu ya pili, mtathmini akaniambia mbele ya watu wote kwamba sikujiandaa na sauti yangu inachosha. Sijarudi tangu siku hiyo. Kosa ni langu?

Hapana, dada. Huyo hakukutathmini, alikuhukumu. Nitakaa hapa kidogo, maana tathmini ndiyo sehemu ya klabu ninayoithamini kuliko zote na ndiyo inayoharibiwa kirahisi zaidi.

Mtathmini ana dakika mbili hadi tatu. Kazi yake ni kusema alichokiona na kukisikia, na kukupa jambo moja au mawili ya kufanya tofauti. "Hukujiandaa" hakukiona, amekidhani. Alichokiona labda ni kwamba uliangalia karatasi kila sentensi. Angesema hivi: "Uliposimulia habari ya bibi yako kwenye kivuko uliacha karatasi, ukatutazama, na ukumbi wote ulitulia. Uliporudi kwenye takwimu ukarudi kwenye karatasi, tukakupoteza. Mara ijayo chagua takwimu moja tu, uijue kwa kichwa." Kwa "sauti inachosha" angesema: "Ulianza na kumaliza kwa sauti ileile. Pale kivuko kinapoyumba, shusha sauti, tutainama kukusikiliza." Maneno hayo ni makali kuliko ya kwake, maana yanakuonyesha hasa ulipoanguka. Lakini unaondoka na kitu cha kufanyia kazi.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo ni la kawaida zaidi kwetu: kusifu tu. "Hongera sana, umeongea vizuri, endelea hivyo hivyo." Tunaogopa kumvunja mtu moyo, hasa akiwa mkubwa kwetu. Mzee wa miaka sitini akihutubia na kijana akapewa kumtathmini, kijana anaishia kumwombea dua. Klabu nzuri inamfundisha kijana yule kusema, "Mzee wangu, mfano wa pili ulinigusa. Wa tatu na wa nne, kwa maoni yangu, ungeiacha." Akimaliza, mzee anampa mkono. Ukiikuta klabu ya namna hiyo, kaa.

Rudi mara moja, hata kama ni klabu nyingine, ukaangalie wanavyotathmini wenzako kabla hujapanda tena. Ndani ya dakika kumi utajua umefika wapi.

Ni lazima Kiingereza?

Si lazima. Klabu inaweza kuendeshwa kwa lugha yoyote wanachama wanayokubaliana. Hata hivyo, klabu nyingi za Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam zinatumia Kiingereza, kwa sababu wengi wanaojiunga wanakitaka kwa ajili ya kazi. Mtu akienda kunoa Kiingereza sina ugomvi naye. Ninachoona ni kwamba wengi wetu tunadhani Kiswahili tumekwisha kukijua, na siku ya kusoma wasifu wa marehemu au kumwombea binti posa tunagundua kwamba hatuna msamiati wa kumaliza dakika tatu. Lugha unayoitumia kwenye shughuli zako za kweli ndiyo ya kuifanyia mazoezi kwanza.

Nina kigugumizi. Nisijisumbue?

Jisumbue. Mwaka 2015 bingwa wa dunia wa mashindano ya Toastmasters alikuwa Mohammed Qahtani, mhandisi kutoka Saudi Arabia aliyekua na kigugumizi. Lakini klabu si kliniki. Kama kuna mtaalamu wa matatizo ya usemi katika hospitali unayoweza kuifikia, muone pia. Na siku ya kwanza waambie wenzako mapema, ili asitokee mwema wa kukumalizia maneno.

Mimi ni katibu wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, akina mama thelathini. Sitaki kuhutubia. Nataka vikao vyetu visichukue masaa manne. Klabu ya kuzungumza itanisaidia nini?

Pengine itakusaidia kuliko wote walioandika leo. Watu wanaona jukwaa, hawaoni zile kazi ndogo. Uongozi unajengeka siku unapomwinulia kadi nyekundu mtu aliyekuzidi umri na cheo, naye anakaa, na kesho mnasalimiana. Kila klabu ya Toastmasters ina viongozi saba wa kuchaguliwa, na mwenye kazi ngumu kuliko rais ni makamu wake wa elimu, yule anayepiga simu wiki nzima: "Alhamisi utakuwepo? Hotuba yako iko tayari?" Anaongoza watu asioweza kuwakata mshahara na ambao wanaweza kuondoka wakati wowote. Ndiyo hali yako na akina mama thelathini. (Kwa taarifa tu, wanawake walifunguliwa rasmi mlango wa Toastmasters mwaka 1973.)

Wakati unasubiri kuipata klabu, andika dakika mbele ya kila ajenda na uzisome kikao kinapofunguliwa. Kwenye yatokanayo, kila aliyepewa kazi aseme imefanyika au haijafanyika. Sababu ziandikwe, zisihutubiwe. Mengineyo yaulizwe mwanzoni, ujue yako mangapi, maana ndiyo yanayokula saa ya mwisho watoto wakisubiri chakula nyumbani. Mtu akizunguka jambo lilelile, msomee pendekezo lake: "Mama, naomba niandike hivi, ni sahihi?" Akisikia limeandikwa, atakaa.

Na kama anayerefusha ni mwenyekiti mwenyewe, mwombe kikao kijacho aongoze makamu wake, yeye ashike saa. Mfuate nyumbani kwake umwambie, usimtamkie mbele ya wanachama.