Usiku wa Guangzhou kwa Aliyefuata Mzigo

Safari ya kufuata mzigo Guangzhou, mji wa biashara wa kusini mwa China, ina pengo katikati, na ni vizuri ulijue kabla hujakata tiketi. Ukishakubaliana na kiwanda unalipa advansi, mara nyingi asilimia 30 ya oda, ndipo wanaanza kazi. Oda ndogo ya mikoba au taa huchukua wiki moja hadi tatu. Asilimia 70 iliyobaki unailipa ukishaukagua mzigo, kabla haujapelekwa ghala la wakala wa usafirishaji. Kati ya malipo hayo mawili kuna siku ambazo kazi yako ni kupiga simu kiwandani na kusubiri. Hizo ndizo siku za kula bata. Anayejirusha usiku aliotua, au usiku wa kuamkia ukaguzi, ndiye anayefungua kontena Kariakoo au Kamukunji akakuta mzigo haufanani na sampuli.

Usiku wa kwanza una hatari yake, na chanzo ni saa. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 5. Ikifika saa 7 usiku kule, mwili wako bado unahesabu saa 2 usiku, kwa hiyo uko macho, una njaa na una hamu ya kutoka. Unaona huu ndio wakati wa viwanja. Kesho yake saa 3 asubuhi mwenye duka Sanyuanli, mtaa wa masoko ya mikoba, anakupigia kikokotoo cha bei, na mwili wako unasema ni saa 10 alfajiri. Hapo ndipo mtu anakubali bei ya vipande 500 akidhani ni ya vipande 300, au anasahau kuuliza kama zipu ni ya chuma au ya plastiki iliyopakwa rangi. Siku mbili za mwanzo kula mapema, tembea kidogo, zima taa kabla ya saa 6 usiku hata kama usingizi hauji, na asubuhi toka nje upate jua. Siku ya tatu au ya nne mwili unakuwa umeshafika China.

Tazama pia kalenda. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou) hufanyika mara mbili kwa mwaka katika kumbi za Pazhou, kuanzia tarehe 15 Aprili na tarehe 15 Oktoba, kwa awamu 3 za siku 5 kila moja. Vyombo vya umeme na mashine viko awamu ya kwanza, vitu vya nyumbani na fanicha ya pili, nguo na vitu vya watoto ya tatu. Majira hayo hoteli hupanda bei sana na meza za mikahawa hujaa, hivyo kama hufuati maonyesho, panga wiki nyingine. Epuka kabisa Mwaka Mpya wa Kichina na wiki inayoanza tarehe 1 Oktoba: viwanda vimefungwa, treni zimejaa, nawe unalipia hoteli bila kazi wala nafasi ya kupumzika.

Pengo likifika, wengi hutaka kwenda Hong Kong. Treni ya kasi kutoka kituo cha Guangzhou Kusini inakufikisha West Kowloon, kituo cha Hong Kong, kwa takriban saa moja. Kabla hujanunua tiketi, fungua pasipoti usome viza yako inaruhusu kuingia mara ngapi. Kwenda Hong Kong au Macau kunahesabiwa kuwa umetoka China bara. Mwenye viza ya kuingia mara moja akishavuka hawezi kurudi, na mzigo wake uko Foshan, mji jirani na Guangzhou, unamsubiri. Kama una viza ya aina hiyo, nenda Shenzhen, ambako huvuki mpaka wowote. Ni kama nusu saa kwa treni ya kasi, na soko la vifaa vya elektroniki la Huaqiangbei liko hukohuko.

Jambo jingine la karatasi ni mahali unapolala. Hoteli inakuandikisha polisi yenyewe. Ukihamia kwa rafiki mwenye nyumba ya kupanga ili uokoe hela, sheria inakutaka ujiandikishe mwenyewe kwa polisi wa eneo hilo ndani ya saa 24. Faini ya kutofanya hivyo inaweza kufika yuan 2,000. Kuzidisha siku za viza ni yuan 500 kwa kila siku, hadi 10,000, au kuwekwa kizuizini. Sheria inamtaka pia mgeni atembee na pasipoti, usiku pia. Iweke mfuko wa ndani wenye zipu, usiiache kwenye koti lililotundikwa kitini, na piga picha ukurasa wa viza na muhuri wa kuingia.

Simu iandae ukiwa nyumbani. WhatsApp, Google na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kule, ila laini yako ya nyumbani ikiwa kwenye rominga kwa kawaida inazifungua, kwa sababu data yake inapita mtandao wa nyumbani. Pakua Alipay na WeChat, ambazo ndizo za kulipia kule, unganisha kadi ya Visa au Mastercard, uthibitishe jina kwa pasipoti. Kwa kadi ya nje, malipo yaliyo chini ya yuan 200 kwa Alipay hayana makato. Yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Ndani ya Alipay hiyohiyo unaita teksi ya Didi, na utaihitaji, kwa sababu treni za metro husimama karibu saa 5 usiku.

Hela ya mzigo na hela ya viwanja zisikae pamoja. Weka kadi moja yenye kiasi cha usiku huo tu, nyingine ibaki kwenye kisanduku cha chumbani. Na weka sharti hili kwenye simu yako: hakuna malipo ya kiwanda baada ya chakula cha jioni. Wezi wa mtandaoni huingilia mazungumzo na kutuma ujumbe kwamba akaunti ya benki imebadilika. Aliye ukumbini, muziki juu, anabonyeza. Subiri asubuhi, piga simu ya video kwa mtu uliyekutana naye, na hakikisha jina la akaunti ni la kampuni iliyoandikwa kwenye ankara, si la mtu binafsi.

Chakula cha jioni na mwenye kiwanda ni kazi, hata kama kina nyimbo na vicheko. Pombe ya baijiu mara nyingi ina kilevi cha asilimia 50 na zaidi, na vikombe vidogo vinadanganya. Ukiambiwa ganbei maana yake umalize kikombe. Kama hunywi, sema mwanzoni kabisa, kwa dini au kwa dawa, kisha inua chai kila wanapoinua wao. Anayeonja kikombe cha kwanza halafu akakataa cha pili ndiye anayeonekana kumkataa mwenyeji. Unapogonganisha, shusha ukingo wa kikombe chako chini kidogo ya cha mkubwa wa meza. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili: ndiyo asante ya Kikantoni, na sura ya mwenyeji inafunguka papo hapo. Wakikualika karaoke baadaye, nenda uimbe, lakini bei na tarehe zisizungumzwe huko.

Ukitoka mwenyewe, kumbi nyingi ziko Zhujiang New Town na Party Pier, kando ya mto karibu na kituo cha metro cha Modiesha. Uliza kwanza kama meza ina kima cha chini cha matumizi, na bei yake ipigwe picha. Chupa ifunguliwe mbele yako. Msichana au kijana anayekusimamisha barabarani akupeleke nyumba ya chai au baa anayoijua yeye, mshukuru uendelee na safari. Bili ya huko ndiyo inayopiga watu. Kadi za masaji zinazosukumwa chini ya mlango wa hoteli zitupe. Kununua mwili ni kosa linaloweza kukuweka ndani hadi siku 15. Na dawa za kulevya hazina mzaha hata kidogo: polisi hupima mkojo kumbini, na kesi kubwa huishia hukumu ya kifo.

Kwa jioni tulivu, panda boti ya Mto Lulu kutoka gati ya Tianzi na utazame mnara wa Canton, mita 600, ukibadilisha rangi juu ya maji. Nenda mapema, maana taa za mtoni huzimwa kabla ya usiku wa manane. Waislamu wana Ijumaa nzuri sana: kaburi linalonasibishwa na Saad ibn Abi Waqqas liko karibu na bustani ya Yuexiu, na saa ya swala hapo utasikia Kiswahili, Kihausa na Kiarabu kwenye foleni moja. Chakula halali kina maandishi ya qingzhen, na maduka ya tambi za Lanzhou yana maandishi hayo, nayo yako karibu kila mtaa. Samaki na matunda huuzwa kwa jin, ambayo ni gramu 500, kwa hiyo bei uliyoisoma kuwa ya kilo ni ya nusu kilo.

Usiku wako wa mwisho wa kujirusha uwe siku mbili kabla ya ukaguzi. Siku yenyewe fika kiwandani asubuhi na sampuli uliyoisaini, futi kamba na mzani mdogo. Katika makasha 40 fungua angalau 8, uyachague wewe, ya katikati na ya chini ya rundo, maana ya juu ndiyo yaliyopangwa uyaone. Vuta zipu mara kumi, washa kila taa, pima ujazo wa kasha moja ulinganishe na utakaolipishwa na wakala. Ukiridhika, ndipo ulipe ile 70.