Gimbali inayotetemeka
Ndugu uliyeuliza kwa nini gimbali, kile kishikio chenye mota cha kutuliza kamera, inatetemeka ukipiga video za harusi kule ufukwe wa Dunga, Kisumu, kabla hujalaumu mota, zima gimbali kwanza. Pachika kamera na lenzi utakayotumia, kisha sawazisha uzito kwenye kila mkono wa gimbali, mmoja mmoja. Ukiachia kamera, ibaki palepale ulipoielekeza. Ikiinamia mbele, lenzi imezidi uzito, rudisha sahani inayobeba kamera nyuma kidogo. Ukibadilisha lenzi unaanza upya, hakuna njia ya mkato. Wengi huwasha tu na kuachia mota zibebe mzigo, ndipo zinachemka na betri inaisha kabla keki haijakatwa.

Mchanga wa ufukweni ndio adui mkubwa. Futa viungo kwa brashi kavu na usinyunyizie mafuta, yananasa vumbi. Kwa unyevu wa ziwa, weka vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, ndani ya begi. Betri za lithiamu zisizotumika wiki kadhaa ziache na chaji nusu hivi. Ukiitwa kazi Nairobi ukaenda kwa ndege, betri za akiba unaingia nazo ndani ya ndege kwenye begi la mkononi.

Malipo? Kifaa kitoze kando na kazi yako, hata mteja akinuna.