Kengele za mkononi melini: je, asiyejua nota anaweza kujiunga?

Dada, jiunge tu na warsha hiyo ya kupiga kengele melini. Umeuliza kama utaaibika kwa kuwa husomi nota. Hapana. Kwenye kengele za mkononi huupigi wimbo mzima peke yako, kwa kawaida unapewa kengele mbili, moja kila mkono, na kazi yako ni kuzisubiri nota zako mbili zifike. Zizungushie rangi kwenye karatasi, nyekundu mkono wa kulia, bluu wa kushoto. Cha lazima ni kuhesabu mapigo bila kupotea, na hapo ndipo hata wapiga piano hodari hutoka jasho, maana wamezoea kuwa na nota zote mikononi mwao.

Seti ya oktava tatu, yaani ngazi tatu kamili za sauti, ina kengele 37, kila moja na nota yake, kwa hiyo ukikosa mazoezi linabaki pengo kwenye wimbo ambalo kila mtu analisikia. Ndiyo maana warsha za melini mara nyingi hufanya mazoezi siku ambazo meli haitii nanga. Soma ratiba kabla hujalipia matembezi ya bandarini.

Glavu vaa, jasho la vidole huchafua shaba. Ukitaka kuzima sauti, igusishe kengele kifuani karibu na bega. Kama mikono au mgongo unakusumbua, omba mapema kengele ndogo, zile kubwa za sauti nzito huchosha kweli. Na dawa ya kichefuchefu usiiache kabatini, bahari ikichafuka kuhesabu mapigo ni shughuli pevu!