Goto katika lugha ya C: tazama inarukia wapi

Ninyi mnaoanza kujifunza C mtaambiwa mapema kwamba goto, amri inayohamisha utekelezaji moja kwa moja hadi mstari uliopewa jina (lebo), ni mwiko, na wengi mtaishika kauli hiyo bila kuelezwa sababu. Sababu ipo, tena nzito. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliandika katika jarida la Communications of the ACM kwamba msomaji wa programu anapaswa kuweza kujua, kwa kila mstari, utekelezaji umefikaje hapo. Goto zikitapakaa ovyo, swali hilo hukosa jibu, kwa kuwa mstari wenye lebo unaweza kufikiwa kutoka popote ndani ya funksheni. Kwa hiyo goto inayorudi nyuma ili kuiga kitanzi, au inayorukia katikati ya kitanzi, msiiandike.

Lakini chukueni funksheni inayofungua faili, kisha inaomba kumbukumbu kwa malloc mara mbili. Ombi la pili likikataliwa, ni lazima kumbukumbu ya kwanza iachiliwe na faili lifungwe. Ukiyaandika hayo upya kila penye hitilafu, siku utakapoongeza hatua nyingine utasahau mahali pamoja, na kumbukumbu itaanza kuvuja. Goto inayoshuka hadi mwisho wa funksheni, ambako vilivyochukuliwa huachiliwa kuanzia cha mwisho kurudi cha kwanza, huiweka kazi yote mahali pamoja. Waandishi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux hufanya hivyo, na mwongozo wao wa uandishi unaikubali njia hiyo waziwazi.

Mtatajiwa pia kasoro ya usalama iliyogunduliwa mwaka 2014 katika programu za Apple. Mstari wa goto fail ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo chini ya if isiyo na mabano ya kuzungushia amri zake. Ule wa pili ukawa unatekelezwa daima, uhakiki wa sahihi ya kidijitali ukarukwa, na funksheni ikarudisha jibu la mafanikio. Wengi waliilaumu goto. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa la mabano, maana hata return iliyorudiwa pale ingeleta madhara yale yale. Wekeni mabano hata kwa amri moja, na lebo zenu zipeni majina yanayosema zinachofanya, kama achilia_kumbukumbu na funga_faili, si kosa1 na kosa2.