Ukiweka lupu ya ngoma, ishushe kwanza

Mdogo wangu unayeanza kurekodi nyumbani, ukishaiweka lupu ya ngoma, yaani kipande cha ngoma kinachojirudia, kwenye programu ya kurekodi usiguse kitu kingine kabla hujaishusha. Ishushe desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 au hata 12, japo utaona biti imepoa. Naanza na hili kwa sababu nimeshaharibu nyimbo za watu kwa kutolijua.

Lupu nyingi tunazopakua zimeshapikwa. Aliyezitengeneza amezibana kwa kompresa, kifaa kinachopunguza sauti zilizo kali, na kuzipandisha hadi vilele vyake vinakaribia sifuri ya mita, ambayo ndiyo kikomo cha juu, ili zikuvutie pale pale unapozijaribu. Sauti uliyoirekodi chumbani, godoro limeegemezwa ukutani, bado ni mbichi: neno moja liko juu, linalofuata limezama. Ukiviacha hivyo, lupu inammeza mwimbaji.

Kuna dada alikuja kwangu na wimbo wa gitaa moja na sauti yake. Niliiacha lupu kama ilivyokuja. Sauti haikusikika, nikaipandisha. Gitaa likapotea, nalo nikalipandisha, kisha besi. Saa sita usiku mita ya masta, yaani ya wimbo mzima, ilikuwa nyekundu na kila kiki (ngoma nzito ya mguu) ikipiga wimbo unakwaruza. Nikashusha fada (kitelezi cha sauti) ya masta, mkwaruzo ukaisha, nikaenda kulala. Asubuhi aliusikiliza kwenye simu yake, akaniuliza taratibu, "Kaka, mbona mimi sijisikii humu?" Masta ilikuwa imeshuka, lakini ngoma bado zilikuwa zimemkalia palepale.

Siku hizi naanza na sauti. Naiweka peke yake, neno kali kuliko yote lifike kama -10 kwenye mita, ndipo naifungua lupu kutoka chini kabisa, kidogo kidogo, mpaka kichwa kianze kutikisika. Naishia hapo. Vyote vikiwa pamoja, vilele vya masta vibaki karibu na -6. Usihofu kwamba wimbo uko chini; ukirekodi kwa ubora wa biti 24 (biti za kidijitali, si biti ya ngoma) nafasi ni kubwa, na kuupandisha ni kazi ya mwisho kabisa.

Lupu ishushie kwenye klipu yenyewe, yaani kile kipande cha sauti ulichokiweka kwenye programu. Fada inakuja baada ya kompresa, kwa hiyo ukishusha fada tu, kompresa inaendelea kupokea ngoma kali zilezile na kuzibana vilevile.

Panapoumiza kichwa ni kwamba kiki, sinea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) na hihati (matasa mawili madogo) zimo kwenye faili moja. Unataka kiki ipande, hihati inapanda nayo na kuanza kuchoma masikio, na inagombana na "s" na "sh" za mwimbaji. Mimi huinakili lupu kwenye treki mbili. Ya kwanza nakata kila kilicho juu ya hezi 150 hivi (hezi hupima unene au wembamba wa sauti), ya pili nakata kilicho chini ya hapo, na sasa kila moja ina fada yake. Mikato yote miwili iwe na mteremko uleule, yaani ikate kwa ukali sawa, halafu sikiliza vizuri kama kiki haijakonda. Ikikonda, futa urudie.

Na pima kwa sauti ndogo. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha huko Marekani mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini, sikio linapoteza besi zaidi kuliko sauti za kati. Ndiyo maana ukifungulia spika kwa nguvu kila lupu inapendeza. Mimi nashusha hadi feni inakaribia kuushinda wimbo. Kama bado nayapata maneno yote na sinea inagonga nyuma yake, sigusi tena. Baada ya hapo najaribu kwenye simu, ambayo kwenye kiki inatoa ule mlio wa juu wa kugonga tu, mtetemo wa chini huupati.

Wimbo wa yule dada niliurudia bila kumtoza kitu. Lupu ilikaa desibeli 14 chini ya ilivyokuja. Kwenye kiitikio niliipandisha desibeli moja na nusu, na ubeti wa pili ulipoanza nikairudisha.